Ziwa la Masinga na Vipeo Viwili

Fungua ramani ya simu ukiwa Kithyoko, kwenye barabara itokayo Thika kwenda Garissa, kisha isogeze kwa kidole hadi bwawa la Masinga liingie kwenye kioo. Haliingii lote. Bwawa hilo lilikamilishwa mwaka 1981 kuzuia maji ya Mto Tana, na likijaa lina ukubwa wa takriban kilomita 120 za mraba. Halina umbo la sahani. Tana inaingia upande mmoja, Mto Thika upande mwingine, na kila korongo lililofurika limegeuka mkono wa maji uliopenya kati ya vilima. Ukikuza ramani ili uone mkono mmoja tu, mingine yote inatoka nje. Rangi ya buluu inafika ukingoni mwa kioo na kukomea hapo kwa mstari ulionyooka. Watu wengi hawaoni ajabu yoyote. Mimi huistaajabia kila mara, kwa sababu ule mstari ulionyooka haumo popote kwenye data ya ziwa, na bado kuna fundi aliyehakikisha kwamba unakuwepo.

Kwa simu, ziwa ni orodha ya nukta. Kila nukta, au kipeo kwa lugha ya hisabati, ni namba mbili: iko umbali gani kwenda mashariki na umbali gani kwenda kaskazini. Kutoka kipeo kimoja unakwenda cha pili, cha tatu, unazunguka ufuo wote hadi cha mwisho, ambacho kinaungana na cha kwanza. Umbo la namna hiyo ni pembenyingi. Kati ya vipeo vyote hivyo, labda ni vichache tu vilivyomo ndani ya mipaka minne ya kioo. Kazi ya fundi ni kuipokea orodha ndefu na kutoa orodha nyingine, ya umbo lililofungika vilevile, lisilovuka mpaka wowote. Kazi hiyo ni ukataji wa ukingoni, na kwa miaka zaidi ya 50 imewashughulisha wahandisi, wanahisabati na mawakili.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuhangaike. Si uchore ziwa lote, na kisichoonekana kisionekane? Mashine za kwanza za kuchora zilikuwa na jibu kali. Mashine iliyotunza mahali kwa tarakimu kumi za sifuri na moja iliweza kuhesabu kuanzia 0 hadi 1,023 na si zaidi. Ukiipa namba 1,030, tarakimu ya juu inamwagika na inabaki 6. Mstari uliotakiwa kutokea kulia unaibuka kushoto na kuikata picha nzima katikati. Kwa hiyo ilibidi kukata kabla ya kuchora.

Kwa mstari mmoja, ufundi wenyewe ulikwisha kuwa mzuri sana katika miaka ya 1960. Danny Cohen na Ivan Sutherland waligawa ulimwengu katika sehemu tisa: kioo katikati, na sehemu nane kukizunguka. Kila ncha ya mstari inapewa alama ya tarakimu nne: je, iko juu ya kioo, chini yake, kulia, kushoto? Ncha yenye sifuri nne iko ndani. Ncha zote mbili zikiwa na sifuri nne, mstari unapita salama. Zikiwa na 1 mahali pamoja, kwa mfano zote ziko kushoto, mstari unatupwa bila hesabu hata moja ya kuzidisha wala kugawanya. Hesabu nzito inabaki kwa mistari michache yenye utata. Huo ni uchumi wa akili ninaoupenda: kuuliza kwanza swali la bei nafuu.

Lakini pembenyingi si mafungu ya mistari. Ukiukata kila upande wa ziwa peke yake kwa njia ya Cohen na Sutherland, unabaki na vipande vya ufuo vilivyokatika ukingoni, visivyoungana. Sasa mwambie mpaka rangi apake buluu ndani ya ziwa. Ndani ni wapi? Umbo lina mwanya, na rangi itamwagikia vilima vya Masinga hadi barabarani. Pembenyingi inayoingia imefungika, na inayotoka lazima iwe imefungika. Hapo ndipo kumbukumbu ya mashine inapoanza kugombaniwa.

Njia iliyo wazi kwa yeyote mwenye busara ni hii. Chukua orodha yote ya ziwa, ikate kwa mpaka wa kushoto peke yake, na matokeo uyahifadhi mahali fulani kwenye kumbukumbu. Mahali hapo pa kuhifadhi kwa muda ndipo panapoitwa bafa. Kisha chukua kilichomo kwenye bafa, ukikate kwa mpaka wa kulia, uweke matokeo kwenye bafa ya pili. Rudi kwenye ya kwanza kwa mpaka wa chini, na tena ya pili kwa mpaka wa juu. Bafa mbili zinabadilishana zamu, na mwisho unapata ziwa lililokatwa pande zote nne. Njia hii ni sahihi, na programu nyingi bado zinaitumia.

Tatizo ni kujua bafa iwe kubwa kiasi gani. Ikiwa umbo halina mahali palipobonyea, kila mpaka unaweza kuongeza kipeo kimoja tu, kwa hiyo vipeo 1,000 vitakuwa 1,004 kwa wingi. Masinga si umbo la aina hiyo. Fikiria ufuo unaokwenda ndani na nje ya mpaka kwa kila hatua: vipeo 1,000, nusu ndani na nusu nje. Vile 500 vya ndani vinabaki, na kila upande kati ya zile pande 1,000 unavuka mpaka na kuzaa kipeo kipya. Jumla ni 1,500. Fundi mwoga anayekadiria ongezeko la nusu kwa kila mpaka, mara nne, anajikuta akitenga nafasi ya vipeo zaidi ya 5,000 kwa umbo lililoanza na 1,000. Katika miaka hiyo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa vipete vidogo vya sumaku, na nyaya zake mara nyingi zilipitishwa kwa mkono, kipete baada ya kipete. Hakuna aliyetenga nafasi kubwa kiholela.

Sutherland alikuwa mtu wa kufaa kulikabili jambo hili. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa uzamifu katika chuo cha MIT, alikuwa ameonyesha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga. Mwaka 1968 yeye na David Evans walianzisha kampuni ya Evans & Sutherland huko Salt Lake City, ikitengeneza mashine za michoro. Pale alifanya kazi na Gary Hodgman, na Januari 1974 wawili hao walichapisha makala kuhusu ukataji wa pembenyingi katika jarida la chama cha wanakompyuta cha Marekani. Nimeisoma njia yao mara nyingi, na bado nataka kuieleza polepole, kwa sababu uzuri wake uko katika kile ambacho haihifadhi.

Wazo ni kwamba huhitaji kuwa na orodha nzima mkononi ili kuikata kwa mpaka mmoja. Unahitaji kipeo kinachofika sasa, kipeo kilichotangulia, na kipeo cha kwanza kabisa. Hatua ya mpaka wa kulia, tuseme, ina rejista mbili tu. Moja tuiite F, inatunza kipeo cha kwanza. Nyingine ni S, inatunza kilichopita. Kipeo kipya kikifika na kikiwa cha kwanza, kinaandikwa F. Kikiwa si cha kwanza, hatua inauliza: je, mstari kutoka S hadi hiki kipya unavuka mpaka? Ukivuka, mahali pa kuvukia panahesabiwa na kutumwa mbele mara moja. Halafu kipeo kipya kinachukua nafasi ya S, na kikiwa upande unaoonekana, nacho kinatumwa mbele. Basi. Kipeo kilichokuwa S kimesahauliwa.

Mbele ni wapi? Ni kwa hatua inayofuata, ya mpaka mwingine, ambayo inafanya kazi ileile kwa F na S zake. Nayo haisubiri orodha ikamilike. Inapokea kipeo, inakipima, inakitupa au kukipitisha. Waliokulia Ukambani wanajua tofauti kati ya kujaza tangi kila kituo na kusimama mstarini mkipokezana ndoo kutoka mtoni: kwenye mstari, kila mmoja ana ndoo moja mkononi, na maji yote yanafika.

Tuufuate mkono mmoja wa ziwa. Kipeo A kiko ndani ya kioo, B na C viko nje upande wa kulia, D kimerudi ndani. A kinafika kwanza: kinaandikwa F, kinaandikwa S, na kwa kuwa kinaonekana kinatumwa. B kinafika: mstari AB unavuka, kwa hiyo sehemu ya kuvukia, tuiite K, inatumwa, B chenyewe hakionekani, hakitumwi. C kinafika: kutoka B hadi C hakuna kuvuka, hakuna kuonekana, hatua iko kimya. D kinafika: mstari CD unavuka, sehemu ya pili ya kuvukia, L, inatumwa, kisha D kinatumwa. Mwisho inakuja ishara ya kufunga. Hatua inaangalia kama mstari kutoka S, ambayo sasa ni D, hadi F, ambayo bado ni A, unavuka mpaka. Hauvuki. Ishara ya kufunga inapitishwa kwa hatua ya mbele.

Kilichotoka ni A, K, L, D. Angalia kati ya K na L. Huo ndio mstari ulionyooka wa ukingoni, ule unaouona kwenye simu. Hakuna amri iliyosema uchorwe. Hakuna hesabu iliyoutafuta. K na L zilifuatana kwa sababu kila kilichokuwa kati yao kilinyamazishwa, na mfuatano wao ndio ulioliziba ziwa. Kila nikilifikia jambo hili nasimama kidogo. Sehemu ngumu kuliko zote ya tatizo, yaani kuhakikisha umbo linafungika, imejitatua kama zawadi ya utaratibu, bila mtu kuigusa.

Sasa tuhesabu kumbukumbu. Mipaka minne, kila mmoja na vipeo viwili: vipeo vinane. Kwa picha za pande tatu, zenye mipaka sita kwa sababu zinahitaji pia mpaka wa karibu na wa mbali, ni vipeo kumi na viwili. Ongeza alama ndogo kwa kila hatua ya kukumbuka kama kipeo cha kwanza kimeshafika. Haijalishi ziwa lina vipeo 20 au 20,000. Ule mjadala wote wa bafa ya vipeo 5,000 umeyeyuka. Tena, kwa kuwa kila hatua inafanya kazi ileile, unaweza kuandika utaratibu mmoja tu na kuuita mara nne, kila mara na F na S zake, au unaweza kujenga vifaa vinne vinavyofanana na kuvipanga kimoja nyuma ya kingine.

Miaka minane baadaye kuna mtu aliyefanya hilo la pili kwa silikoni. Jim Clark, aliyekuwa mwanafunzi wa Sutherland katika Chuo Kikuu cha Utah, alichapisha mwaka 1982 maelezo ya mfumo wenye chipu kumi na mbili za aina moja. Nne zilibadilisha mahali pa vipeo, mbili za mwisho zilivipima kwa ukubwa wa kioo, na sita za katikati zilikata, chipu moja kwa kila mpaka. Chipu ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni kazi iliyopangiwa. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni ya Silicon Graphics. Ukitazama mchoro wa zile chipu sita zilizopangwa mstarini, unaiona makala ya mwaka 1974 imepata mwili.

Njia ya Sutherland na Hodgman ina kasoro, na Masinga ndiyo mahali pa kuionea. Tuseme kioo kinaonyesha mikono miwili ya maji inayoingia kutoka kulia, na shina linaloiunganisha liko nje. Jibu sahihi lingekuwa maziwa mawili madogo. Njia hii inatoa umbo moja: mkono wa kwanza, kisha uzi unaotambaa juu ya ukingo hadi mkono wa pili, kisha uzi uleule unaorudi. Ukipaka rangi tu, uzi huo hauna upana, hauonekani. Ukichora mstari wa ufuo, unaonekana wazi, mstari wa maji pasipo na maji. Kevin Weiler na Peter Atherton waliondoa kasoro hiyo mwaka 1977 kwa kuunganisha vipeo katika orodha zinazoweza kufuatwa kutoka umbo moja hadi jingine. Lakini kwa kufanya hivyo ilibidi waiweke orodha yote kwenye kumbukumbu. Walilipa kwa bafa. Simlaumu yeyote kati yao. Nasema tu kwamba uzi ule wa ukingoni ndio bei halisi ya kukumbuka vipeo viwili, na waliouchagua waliijua bei.

Mafundi wa ramani wa siku hizi wamepata njia ya kuishi na uzi huo, na nadhani ni ya kiungwana. Ramani ya simu haiji kama ziwa zima. Inakuja kwa vigae vya mraba, kila kigae mara nyingi kikiwa na gridi ya nukta 4,096 kwa 4,096, na kila kigae kina kipande chake cha ziwa kilichokwisha kukatwa. Maktaba ndogo ya programu iitwayo lineclip, ya kampuni ya Mapbox, inakata mistari kwa njia ya Cohen na Sutherland na pembenyingi kwa njia ya Sutherland na Hodgman, kwa kurasa chache za msimbo. Ili nyuzi za ukingoni zisionekane, kigae hukatwa nje kidogo ya mpaka wake halisi. Nyuzi zinabaki kwenye pambizo, mahali ambapo jicho halifiki.

Katika njia hii ya Sutherland na Hodgman, ufundi wa wahandisi unakutana na ufundi mwingine ambao watu wengi hawauoni kuwa ufundi: uandishi wa madai ya hataza. Hataza ya Marekani namba 3,816,726, iliyotolewa mwaka 1974, inahusu mfumo huuhuu wa kukata pembenyingi. Kuiandika si kazi ndogo. Mwandishi anapaswa kulizungushia wazo ua wa maneno: ukibana sana, jirani anabadilisha rejista moja na kupita, ukitanua sana, unadai hisabati yenyewe, na hisabati haina mwenyewe. Swali la mahali kumbukumbu inapokaa linarudi, safari hii mbele ya majaji.

Rufaa ya kwanza kubwa ya michoro ya kompyuta ilimhusu Walter Bernhart na William Fetter wa Boeing. Fetter ni miongoni mwa watu walioupa uwanja huu jina lake mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wawili hao waliomba hataza kwa mfumo wa kompyuta na mashine ya kuchorea uliogeuza umbo la pande tatu kuwa mchoro wa kutazamwa kutoka pembe yoyote. Mkaguzi alikataa, Bodi ya Rufaa ikamuunga mkono. Mwaka 1969 mahakama ya rufaa za hataza iliutengua uamuzi huo, kwa hoja ninayoiona kuwa mojawapo ya hoja makini zaidi zilizowahi kuandikwa na jaji kuhusu kompyuta: kwamba mashine iliyopewa programu mpya si mashine ileile tena, kwa sababu sehemu za kumbukumbu yake zimepangika tofauti, na kutoonekana kwa badiliko hilo kwa macho si sababu ya kusema halipo. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa amekaa na kufikiria ndani ya kumbukumbu kuna nini.

Miaka mitatu baadaye upepo uligeuka. Gary Benson na Arthur Tabbot wa maabara za Bell walikuwa na njia ya kubadilisha namba kutoka mtindo mmoja wa kompyuta kwenda mwingine. Dai lao la nane lilitaja rejista ya kuhamisha tarakimu. Dai la kumi na tatu halikutaja mashine yoyote. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliyaangusha yote mawili. Kuitaja kumbukumbu kulikuwa hakutoshi, ikiwa kumbukumbu hiyo haikuwa na kazi nyingine zaidi ya kubeba hesabu.

Kesi ya Alappat ya mwaka 1994 ndiyo ninayomshauri kila mpenzi wa ufundi huu aisome. Kuriappan Alappat na wenzake walitaka mstari wa mawimbi kwenye kioo cha kifaa cha kupimia umeme usionekane na meno ya msumeno. Walipima umbali wa kila pikseli kutoka kwenye mstari na kuipa mwanga kwa kadiri ya umbali huo. Madai yao yalisema njia za kupima, kulinganisha na kutoa mwanga. Maelezo yao yalionyesha vifaa: saketi za hesabu, saketi za kusogeza tarakimu, kumbukumbu ya kusomwa tu. Bodi ya watu watatu iliwakubalia. Ofisi ya hataza ikaitisha bodi ya watu wanane, ikawakatalia. Mahakama ya rufaa, kwa kalamu ya Jaji Giles Rich, ikawarudishia ushindi, ikisema kilichodaiwa ni mashine mahususi yenye manufaa. Ushindi wao ulisimama juu ya kurasa zile za vifaa. Mwandishi wa maombi alikuwa ameonyesha ni saketi ipi inashika namba ipi.

Baada ya uamuzi wa kesi ya Alice mwaka 2014, ambapo Mahakama ya Juu ilisema kuongeza kompyuta ya kawaida kwenye wazo dhahania hakuligeuzi kuwa uvumbuzi, wengi walidhani mlango umefungwa. Kisha ikaja rufaa ya Visual Memory dhidi ya NVIDIA, kampuni ya chipu za michoro, mwaka 2017. Uvumbuzi ulikuwa kumbukumbu ya kompyuta yenye akiba tatu za haraka, moja ikiwa bafa ya kuandikia, na tabia za akiba hizo ziliweza kupangwa kulingana na aina ya prosesa iliyounganishwa. Mahakama ya Delaware iliita hilo wazo dhahania la kuainisha data. Mahakama ya rufaa, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ikasema hapana: huu ni uboreshaji wa kumbukumbu yenyewe. Jaji aliyepinga aliona sehemu muhimu imeachwa sanduku lililofungwa. Wenzake wakamwonyesha kiambatisho cha filamu ndogo chenye fremu 263 za msimbo. Mtu mmoja, miaka mingi kabla, alikuwa amevumilia kuambatisha kazi yote, na subira hiyo ikaja kuwa na uzito mahakamani.

Hapa kwetu, Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inasema njia za hisabati si uvumbuzi unaoweza kupewa hataza. Maombi yanapelekwa kwa taasisi ya KIPI, Nairobi. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa kwa jopo maalumu lililoundwa na sheria hiyohiyo, na kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu. Kijana wa Masinga anayetengeneza programu ya kuchora ramani za mashamba, au ya kuonyesha maji yanavyopungua bwawani, atakutana na swali lilelile walilokutana nalo Bernhart, Benson na Alappat. Akiandika tu kwamba programu yake inakata umbo kwenye mipaka kwa kasi, atakuwa ameandika hisabati na matumaini.

Namwomba aandike kwa mkono wa Sutherland na Hodgman. Aseme kila hatua ina sehemu ngapi za kumbukumbu, na kwamba idadi hiyo haiongezeki umbo likikua. Aseme F inaandikwa mara moja tu kwa kila umbo, kipeo cha kwanza kinapofika, na haiguswi hadi ishara ya kufunga. Aseme S inaandikwa upya kwa kila kipeo, hata kile kisichoonekana, kwa sababu asipoiandika upya kwa kilicho nje, sehemu ya kuvukia itakayofuata itahesabiwa kutoka mahali pasipo sahihi. Aseme ishara ya kufunga inapofika nini kinapimwa kwanza, na ni wakati gani rejista zote mbili zinakuwa huru kupokea umbo jingine. Halafu aambatishe msimbo wote.